Kompyuta ya Mama Haishiki Wi-Fi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumai zitakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake uko imara kama unavyoujua, na mimi na cherehani yangu tunasukuma siku. Utashangaa kupata karatasi wakati kila Jumapili tunaongea. Ila simu yetu ya vitufe Mama huiweka sauti ya juu na kukaa ubavuni pangu, na ninayotaka kukuambia leo hayasemeki hivyo.

Kwanza niache nitoe hasira zangu juu ya kompyuta uliyotutumia. Ulisema tukiiunganisha na Wi-Fi ya mwalimu jirani, Mama atakuona uso kila wiki. Sawa. Mwalimu akatupa nenosiri kwa moyo mweupe, nikaiwasha, na hiyo Linux yako, programu inayoiendesha, ikasema haioni Wi-Fi yoyote. Nilipokueleza ukanijibu kwamba inakosa draiva, kijiprogramu cha kuishikisha Wi-Fi, niipakue mtandaoni. Kaka, niingie mtandaoni kuchukua kitu cha kuniingiza mtandaoni? Hiyo ni kuambiwa ufunguo wa sanduku umo ndani ya sanduku.

Nikamwita fundi wa kompyuta wa hapa mtaani, akaja nyumbani. Aliposikia Linux, uso ulimshuka. Akaigeuzageuza, akasema yeye amezoea Windows, na dawa yake ni kufuta kila kitu aanze upya. Nikamwambia aanze kwa kufuta viatu vyake, maana alikuwa ameshachafua sakafu yangu.

Mwishowe mwalimu aliunganisha simu yake na kompyuta kwa waya, nami nikaandika amri ulizonisomea kwa simu kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, herufi moja moja, nikiomba Mungu nisikosee nukta. Draiva ikaingia. Jina la Wi-Fi ya mwalimu likatokea, nikaweka nenosiri, ikakubali. Nilimwita Mama huku nikiruka kama mtoto. Akaitazama, akauliza kama sasa ataweza kukuona bila wewe kuja. Nikamjibu kwa fahari kwamba ndiyo. Akarudi jikoni.

Asubuhi yake Wi-Fi haipo. Kompyuta inasema imezimwa, lakini haisemi imezimwa wapi wala na nani. Ukanisomea amri kwa simu, nikaandika, ikakataa; nikaandika tena, ikakataa tena. Wiki mbili nzima nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, huku sare za wanafunzi ishirini zikinisubiri bila mikono. Jumapili moja ukapandisha sauti, ukasema sisikilizi unachoniambia. Iliniuma, kaka. Kesho yake nilishona suruali ya mtu yenye miguu miwili ya kushoto, kwa hasira zako tu.

Alhamisi nilirudi nyumbani mchana kutoka kazini kuchukua tepu ya kupimia niliyoisahau. Nikamkuta Mama ameiinamia kompyuta, miwani puani, kidole kwenye kijiswichi kidogo cha ubavuni, anahakikisha bado kiko upande aliokiacha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Wala hakushtuka. Alisema yule fundi ndiye aliyemwonyesha nilipotoka kumtafutia kiti, akamwonya kwamba hicho ndicho huzima Wi-Fi, asije akakigusa.

Nilimfokea, naungama. Aliniacha nimalize, kisha akasema kwamba kwa miaka sita umekuwa ukiahidi kuja, na tangu ununue kompyuta hujaahidi tena. Alisema ukishaonekana kwenye kioo utajiona umefika. Na kwamba anakujua, kifaa kibovu huwezi kukiacha, hata kiwe cha nani. Magoti yake hayakukuleta, akasema, labda kompyuta itakuleta.

Nikasukuma kile kijiswichi, Wi-Fi ikashika pale pale. Mama hakunizuia. Alikaa akatazama mikono yake, na nikaona jinsi ilivyokonda.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ulipopiga na kuuliza kama imekubali, Mama aliinamisha kichwa akingoja nimchongee. Nikakuambia bado inakataa. Nilikudanganya, kaka yangu. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri tangu Alhamisi, na dakika tano kabla hujapiga niliizima mimi mwenyewe.

Basi usinisomee amri nyingine. Kompyuta ni nzima. Njoo uitengeneze.

Mama anakusalimu sana, ingawa hajui kama nimekuandikia. Mwalimu naye anakusalimu, na anauliza kama bado tunalihitaji nenosiri lake. Wape salamu zetu wote walio karibu nawe.

Mdogo wako akupendaye,
Sindano