Mmekula, Mtarudi

Kaka,

Ulinikataza kuandika habari hii. "Mdogo wangu, hili lisifike gazetini," uliniambia kwenye simu, mara ya mwisho tulipoongea, na nimekutii. Naiandika kwako tu, kwa sababu uliondoka kabla haijaisha, na najua ilikunyima usingizi. Imeisha, Kaka. Imeisha vizuri.

Chanzo unakijua, ila nakirudia kama ninavyofanya kazini, nisije nikaruka kitu. Kila Ijumaa baada ya vipindi uliwasimulia darasa la sita hadithi za Wagiriki wa kale. Siku hiyo ilikuwa zamu ya yule binti aliyenyakuliwa na mfalme wa kuzimu. Mama yake akaisusia dunia mpaka mazao yakakauka. Binti akaruhusiwa kurudi juu, lakini huko chini alikuwa amekwisha kula punje za komamanga, na aliyekula kwa wafu hana budi kurudi kwao kila mwaka. Watoto wa Hasamba hawajawahi kuliona komamanga. Ukapasua pasheni, kila mmoja akalamba mbegu, nawe ukawaambia, "Mmekula, mtarudi." Ulimaanisha shuleni. Msimu wa kuchuma kahawa ulikuwa umeanza na madawati yalikuwa yanabaki matupu.

Wengi walirudi kweli. Lakini mwanafunzi wako Neema aliibeba hadithi hiyo mpaka msibani, Chapwa, alikokwenda na bibi yake. Sahani ya ugali ilipomfikia akaficha mikono mgongoni. "Mimi sili chakula cha wafu. Nikila sitarudi nyumbani." Unajua kwetu maana ya kukataa chakula cha msiba: ni kuwaambia wafiwa kwamba wao ndio waliomuua marehemu wao. Mama mmoja pale akamgeukia bibi. "Kumbe mmekuja kutushuku?" Yule bibi, mzee wa kanisa, mwanamke asiyeinamisha kichwa mbele ya mtu, alirudi Hasamba ameinama. Kulipokucha alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu: mwalimu wenu anawafundisha watoto wetu miungu. Masimulizi ya Ijumaa yakasimamishwa, kikao cha wazazi kikaitishwa. Moyo wako haukukingoja.

Haya sasa ndiyo usiyoyajua.

Siku ya kukuzika nilikuwa na hofu moja, na haikuwa ya kaburi. Tuliporudi kutoka kwenye mibuni, pale tulipokulaza, wanafunzi wako walikaa pamoja chini ya turubai. Akina mama wa kanisa wakaanza kugawa ugali na maharage. Wazazi wakageuka kuwatazama. Kila mtu alikuwa anaijua habari ya Chapwa. Watoto wasipokula, basi ni kweli uliwaharibu, na sisi ndugu zako tumekuua, yote kwa mkupuo mmoja, mbele ya kijiji. Nimewahi kusimama karibu na lori la mafuta linalowaka pale Tunduma, karibu kuliko polisi walivyotaka, na nikaandika habari yangu mpaka mwisho. Siku hiyo niliishika nguzo ya turubai.

Hawakugusa chakula. Walikuwa wanamtazama Neema, na Neema alikuwa anaitazama sahani.

"Wewe mtoto," bibi yake akasema kutoka kwenye mkeka, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "usinifanyie tena."

Neema akanawa. Akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akala taratibu mpaka akameza. Kisha akageukia upande wa kaburi.

"Nimekula, Mwalimu. Nitarudi."

Baraka, yule wako asiyejua kunyamaza, akanyoosha sahani yake. "Mama, mimi niongezee maharage, nirudi mara mbili." Mtu akacheka nyuma, halafu wengine, halafu watoto wote wakaanza kula kama watoto. Bibi aliziba mdomo kwa kitenge. Sikujua kama anacheka au analia, na sikwenda kuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu. Mimi nami nikaomba sahani. Kilikuwa chakula changu cha kwanza tangu nipigiwe simu ya kifo chako.

Nimeambiwa kwamba wiki ile bibi alimkalisha Neema kando ya kichanja cha kuanikia kahawa na kumwambia asimulie hadithi zote, toka mwanzo, huku wanachambua. Kikao kilipofika, baba mmoja kutoka Mlowo akasimama kuuliza kama ni kweli watoto wanaiomba hiyo miungu ya Wagiriki. Bibi hakungoja mwalimu mkuu ajibu.

"Nimewasikiliza hao miungu wao wote. Wezi. Wagomvi. Wanaiba wake za watu. Mtoto aliyelelewa vizuri atamwomba nani hapo?" Walipomaliza kucheka akaongeza, "Malalamiko niliyaleta mimi, nayaondoa mimi. Huyu wangu alikuwa anajificha siku za shule. Sasa ananiamsha yeye."

Kikao kilikuwa kifupi. Ijumaa zimerudi. Mwalimu wa jiografia ndiye anayesimulia. Ana haraka kidogo na anachanganya nani ni mtoto wa nani, lakini Baraka humsahihisha. Neema na wenzake wameshakuja kwako kupalilia. Walikaa pale wakibishana kuhusu yule binti, kama alizila zile punje kwa njaa au kwa makusudi. Neema anashikilia kwamba ni makusudi. Sikuwaingilia.

Basi lala, Kaka. Hakuna anayekudai jibu tena, na jina lako linatajwa hapa bila mtu kushusha sauti. Mimi nami siku ile nilikula. Kahawa ikianza kuiva nitashuka Mlowo, ninunue pasheni, nichukue bodaboda mpaka kwako.

Mdogo wako.