Kamba ya Kushukia Bwawani

Shemeji Wafula,

Nimelivaa vazi lako la kuzamia. Najua ungecheka kwanza, maana ulizoea kusema miguu yangu iliumbwa kwa ajili ya kupalilia kahawa tu. Cheka basi, lakini nisikilize.

Tangu homa ya mapafu ikuchukue, hapa Ruiru mambo si yale. Dada yako bado hapiki omena, anasema mlaji wake hayupo. Njoroge wa pampu ya hewa bado anatoka Mugutha, ila kwa hii Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali anasimamishwa njiani aonyeshe pasi, na siku nyingine hafiki. Mzamiaji wa kushika nafasi yako ametafutwa hadi Thika, hakupatikana.

Halafu masika yakajaza bwawa la shamba. Gogo likakwama kwenye lango la chini la kutolea maji, lango likakataa kufunguka, na ukingo wa udongo ukaanza kuvuja upande wa kambi yetu. Watoto wako wanalala kwetu sasa. Msimamizi alipouliza nani anaijua kazi ya Wafula, watu wote walinigeukia mimi, niliyekuwa nikikushikia kamba ya ishara tu miaka yote. Dada yako akanivuta mkono pembeni. "Mwaka huu nimeshazika mmoja," akasema. Kisha akaenda mwenyewe kuniletea soksi zako za sufu.

Shemeji, kofia ya shaba ikishafungwa unasikia moyo wako tu. Niliingia majini nikiwa nimeshika kamba ya kushukia, maji yakafika shingoni, nikakataa kuzama. Viatu vya risasi miguuni, uzito kifuani, na bado naelea! Ulikuwa woga. Nilikuwa nimeifunga kabisa valvu ya kutolea hewa, kwa sababu anayeogopa kukosa hewa haachii hata kidogo. Vazi likavimba, mikono ikasimama. Njoroge na mwenzake waliponiona nahangaika, wakanihurumia, wakasukuma pampu kwa nguvu zaidi. Maskini, walidhani wananiokoa. Kidogo tu wanipindue miguu juu.

Hapo nikakukumbuka ukiimba mle ndani ya kofia. Wengine walidhani ni furaha, lakini mimi uliniambia: "Anayeimba hawezi kuibana pumzi." Nikaanza wimbo wa kanisani, hata ubeti nikakosea. Nikafungua valvu kidogo, hewa ikatoka, nikaanza kushuka. Nilishuka haraka mno, masikio yakaniuma vibaya. Nikaing'ang'ania kamba, nikaifunga valvu kidogo, nikameza mate, nikangoja maumivu yapungue. Ndipo nikaendelea.

Maji yalikuwa tope tupu. Sikuona hata mkono wangu, nilipapasa tu ile kamba uliyoifunga mwenyewe kwenye lango na ambayo haijawahi kutolewa majini. Katikati ya giza lile mkono ukagusa fundo. Chini kidogo, lingine. Halafu lingine tena. Mafundo makubwa ya kujaa kiganja, yamelainika kwa kushikwa. Sisi wa juu hatukuwahi kuyajua.

Nililishika moja nikalia, ndani ya kofia ambamo mtu hawezi kujifuta machozi. Kumbe na wewe ulikuwa ukisimama hapo! Miaka yote unapanda ukicheka, unaitisha chai, nasi tunasema Wafula hajui woga. Kwa nini hukuniambia, shemeji? Nilikukasirikia, na hata sasa nimekukasirikia kidogo. Nilikaa pale mpaka pumzi ikatulia, kisha nikashuka hadi fundo lililofuata.

Gogo nililifunga mnyororo, nikavuta kamba ya ishara, na ng'ombe wa shamba wakalikokota. Lango likafunguka. Maji yamepungua, ukingo umesimama, na watoto wako wamelala pakavu.

Sasa msimamizi anataka kamba ile ibadilishwe, imeanza kuoza. Nitaibadilisha mimi mwenyewe, na mafundo nitayafunga palepale ulipoyaweka. Mimi nitaongeza langu moja, karibu na juu, maana woga wangu unaanza mapema kuliko wako. Pumzika salama, shemeji. Ila hili nakuahidi: nitakayemfundisha kazi hii nitampitisha mkono kwenye kila fundo kabla kamba haijaingia majini, na nitamwambia lilifungwa na nani, na kwa nini.

Mume wa dada yako,
Barasa