Kulusum Aryemo, Sauti ya Kwenye Kanda za Stoo

Mama, mwaka umetimia tangu ulipolala kwako Kyebando usiamke. Kazi ya kuandika haya nimepewa mimi, Maimunah, kwa sababu dada Rahmah akishika kalamu hulia, na kaka Siraje huandika kama askari anayetoa ripoti. Unatujua.

Nyumbani ni salama. Cherehani yako iko palepale dirishani. Wateja bado wanakuja na suruali zao, na wengine hawakuwa na habari. Tukiwaambia, wanakaa kidogo barazani, kisha wanaondoka na suruali zao.

Mtaani walikujua kwa sindano. Ulishona sare za kambi ya jeshi tangu usichana wako, na ulipostaafu ukashona sare za shule. Kifungo kilicholegea kilikunyima raha. Mtu alikuja kukupa salamu, ukamwambia avue shati kwanza, ukaze kifungo, ndipo mzungumze. Siraje alikuwa akikagua shati lake garini kabla ya kushuka, na wapi, ulimkamata kila mara. Mama yako alikuwa Mnubi, baba yako Mwacholi Mkatoliki, na wewe uliswali swala zako zote, halafu Krismasi ukapika kuliko Wakristo wa mtaa mzima. Hukuona la kueleza hapo.

Kwamba uliimba jazi na bendi ya kambi, tulijua kama tunavyojua kwamba zamani ulikuwa na meno yote. Ukiulizwa ulijibu, “Niliimba kidogo. Bendi ikahamishwa, basi.” Ila jikoni ulikuwa ukiimba kwa kuchelewa: wimbo umeshatangulia, wewe unakuja nyuma yake bila haraka, na mwisho mnafika pamoja. Tulidhani umezeeka tu. Kumbe hivyo ndivyo ulivyoimba tangu mwanzo.

Tumejua mwaka huu, mama, na wewe haupo kutucheka.

Rahmah alikuwa akimenya matooke, redio ikiwa wazi, akasikia sauti yako. Ya ujana, nyembamba zaidi, lakini yako. Mtangazaji akaeleza kwamba kanda hizo za zamani zimepatikana kwa mjane wa Tarcisio, mpiga tarumbeta wa bendi ya kambi, kwamba zinatayarishwa zitolewe upya, na kwamba ngoma ile tamu imepigwa na Mzee Ojera wa Mbuya. Mwimbaji, akasema, hajulikani.

“Hajulikani?” Rahmah akaiuliza redio. “Huyo ni mama yangu, bambi, jamani.”

Tukamtafuta kijana anayezitayarisha kanda hizo, anaitwa Ocira. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatusikiliza. Rahmah akamsimulia ulilowahi kumwambia mkiwa mnashona: kwamba siku ya kurekodi ulikuwa umembeba mgongoni, yeye akiwa mtoto mchanga mwenye homa, na mlikuwa katika stoo ya sare, kwa sababu funguo ulikuwa nazo wewe, na makabuti yaliyotundikwa huko yalizuia mwangwi. Ngoma za bendi hazikuwepo siku hiyo. Ulikuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni ili asilie, na mkono wako huo ndio ukawa ngoma ya bendi.

Ocira akakuna kichwa. “Mama zangu, mimi sibishi. Lakini kuna familia nyingine mbili zimekuja, kila moja na mama yake. Na ngoma hiyo Mzee Ojera hajaikana. Jina likishatoka haliondoki tena. Yeye akisema, mimi naandika.”

Alisema kweli, na ndipo tulipoogopa. Maana kila aliyesikia kanda zako alisifu ngoma kwanza. Watu wa muziki walikuwa wakipanda Mbuya kumpiga picha Mzee Ojera. Wajukuu zake walimwita staa. Mtu amepiga ngoma ujana wake wote bila kuambiwa hata ahsante, sifa zinamfikia ameshashika mkongojo, halafu sisi tubishe hodi kumwambia kwamba ngoma ile ni mgongo wa Rahmah. Siraje alisema tuache. Alisema wewe mwenyewe usingekubali tumuaibishe mzee mbele ya wajukuu. Rahmah akamwambia, “Basi wewe kaa na mama asiyejulikana. Mimi nakwenda.” Tukaenda wote, pamoja na Ocira na kompyuta yake.

Mzee Ojera alikuwa amevaa tai. Alidhani tumekuja kumpiga picha. Siraje akaanza hotuba yake ndefu, na heshima zote za kambini, mpaka mzee akamkatiza. “Kijana, wewe ni mtoto ya nani?”

“Wa Kulusum Aryemo, mzee.”

Wajukuu walikuwa wamejazana mlangoni. Mzee akamwambia Ocira aufungue ule wimbo wenu, “Ngoja Mvua Ipite”, kwenye kompyuta. Akausikiliza wote, akaomba urudiwe. Mimi nilikuwa nikitazama mikono yake. Ilitulia juu ya magoti.

“Mimi sikudanganya mtu,” akasema. “Walikuja hapa, wakasema, mzee, unapiga vizuri. Mimi nikasema asante. Hakuna mtu aliuliza kama ni mimi.”

Hakuna aliyecheka.

“Ile siku ngoma yote ilienda paredi. Mimi nilikuwa nasimama kwa mlango, naangalia afisa asikuje. Hiyo ni mkono ya Aryemo. Alikuwa na mtoto kwa mgongo, mtoto anasumbua sana.” Akamtazama Rahmah. “Ni wewe?”

Rahmah akaitikia kwa kichwa. Ana wajukuu sasa, mama, na aliitikia kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

“Sikilizeni mwisho,” mzee akasema. “Nyinyi wote mnazima haraka.”

Tukasikiliza mwisho. Tarumbeta ya Tarcisio ikakoma, gitaa likakoma, nawe ukamaliza neno lako la mwisho, umechelewa kama kawaida yako. Kimya. Katika kimya kile mkono wako ulikuwa unaendelea, pa, pa, pa, taratibu, na pumzi zako zinasikika kwa mbali.

“Mimi wimbo ikiisha naweka fimbo chini,” Mzee Ojera akasema. “Huyu bado. Mtoto hajalala.”

Rahmah akalaza kichwa mezani kwa watu akalia, na mimi nikalia. Siraje akatoka nje kuangalia gari lisiibwe na mtu. Mjukuu mmoja akamuuliza babu yake kama sasa yeye si staa tena. Mzee akamwambia anyamaze akalete chai.

Kanda zako zimetoka mwezi uliopita. Zimeandikwa: “Sauti na mapigo: Kulusum Aryemo.” Ocira alimuuliza Mzee Ojera yeye aandikwe nini. Akafikiri, akasema, “Andika, mlinzi ya mlango.” Imeandikwa hivyo, na wajukuu zake wanaionyesha kwa kila mgeni.

Leo tunakusomea dua hapa Kyebando, na Jumapili wajomba zetu wa upande wa baba yako watakuombea kanisani. Mzee Ojera amekubali kuja. Ameuliza kama kutakuwa na pilau, nasi tumemwambia asiwe na wasiwasi, ila aje na shati lenye vifungo vyote.

Wimbo wako tunaucheza, mama. Vitukuu wanaujua wote, na wanagombana nani ashike simu. Nyumbani kuna sharti moja tu, aliliweka Rahmah: wimbo ukiisha hakuna anayezima. Tunangoja, wakubwa na wadogo, mpaka mkono wako uache wenyewe.

Unakumbukwa na wanao Rahmah, Maimunah na Siraje. Na wakwe zako. Na wajukuu na vitukuu waliokuita haboba. Na wajomba wa ukoo wa Aryemo. Na majirani wa Kyebando unaowajua kwa vifungo vyao. Na Mzee Ojera wa Mbuya, aliyekulindia mlango.

Unajulikana, mama. Siku zote tutakukumbuka.