Koti Si Kabuti

Jumatano, 16 Juni 2021

Nimeamka. Baridi. Nyumba hizi za Fairfield, hapa Australia, zilijengwa na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mwezi wa Juni. Ndani baridi kuliko nje. Nimefungua mlango wa nyuma ili joto liingie. Binti yangu Riziki ameufunga, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Chai. Mkate. Nimebishana na televisheni, imenishinda.

Jumapili wanakuja wakwe kutoka St Marys. Warundi, watu wa kanisa, wapole mpaka inachosha. Kijana wao Dido anataka kumwoa mjukuu wangu Furaha. Mbuzi wa mahari wamekwisha kutolewa. Mbuzi wa siku hizi hawalii, wanaingia kwenye simu. Blanketi la bibi limetolewa, Riziki amelipokea badala ya marehemu mke wangu. Kimebaki kitu kimoja tu: koti la babu.

Kwetu Fizi ndivyo ilivyo. Mjukuu wa kike ni mke wa babu. Mke wa utani, lakini mke. Ukimchukua unamwacha mzee na baridi yake, basi umpe cha kumpa joto. Mpaka babu alivae mbele ya watu, bibi harusi hatoki nyumbani. Baba yake Furaha, mwanangu, tulimzika kule kule vitani, kwa hiyo kiti cha mwisho ni changu. Nakipenda kiti hicho.

Koti ninalotaka nalijua. Nililiona stesheni, limevaliwa na mzee mmoja wa Kizungu. La sufu, rangi ya chai ya maziwa, refu mpaka chini ya goti, mshipi kiunoni, kola imesimama kama masikio ya sungura. Lilikuwa linatangulia, mzee anafuata.

Alhamisi, 17 Juni

Riziki amenisomea kwenye simu mafundisho ya namna ya kuchagua koti la baridi. Wanasema: koti liendane na maisha yako. Kama unapanda milima, hivi. Kama unakwenda ofisini, vile. Kama unatoka jioni na marafiki, vingine.

Nimeyatazama maisha yangu. Naamka. Nakunywa chai. Nakwenda kununua mkate na kumtania muuza samaki Mvietinamu, ambaye pia ananitania, na hakuna kati yetu anayemwelewa mwenzake. Narudi. Nasinzia. Koti la maisha kama hayo ni blanketi lenye mikono.

Sikumwambia Riziki. Nilimwambia natoka jioni na marafiki.

Jumapili, 20 Juni

Wamekuja. Baba yake Dido anaitwa Gervais. Mrefu kama nguzo ya umeme, akiingia mlangoni anainama, nami nikadhani ananiheshimu. Wamekula vizuri. Wakaleta mfuko. Nikafungua.

Koti la suti! La buluu, linang'aa kama mgongo wa mende. Nikiingiza mkono mmoja, wa pili unabaki nje kuomba msaada.

Nikasema, hili ni koti. Gervais akasema ndiyo, ni koti, tuliambiwa koti la babu. Nikasema koti la babu ni kabuti. Akasema koti ni koti, mzee mwenzangu. Nikamwambia hapana, koti ni la kuvaa ofisini, kabuti ni la kuvaa duniani.

Pastori aliyekuja nao akajaribu kutupatanisha kwa Biblia. Hakupata mstari wa makabuti.

Furaha alinitazama vibaya. Yeye ndiye aliyewaambia koti. Alifika nchi hii mdogo, kwake kila kitu chenye mikono ni koti. Nikamwambia, usijali mke wangu, mumeo bado nipo. Kwa kawaida hucheka. Leo alicheka kidogo tu, upande mmoja.

Koti limerudi St Marys.

Jumapili, 27 Juni

Serikali imetufungia ndani. Kirusi cha korona kilianzia kwa matajiri wa kule ufukweni, sasa kinakuja kutembelea maskini. Maduka ya nguo yamefungwa. Ya mbao na misumari yako wazi. Labda nivae mlango.

Furaha anatoka tu kwenda kazini. Anawaogesha wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao ya wazee. Kila mara wakubwa wake wa kazi wanamchokonoa pua kumpima, anarudi macho mekundu. Nimemwambia nami ni mzee, mbona haniogeshi? Akasema, "Babu, wewe ungeuma watu."

Huyo ndiye Furaha. Nani atanijibu hivyo akienda? Riziki hana utani. Riziki alizaliwa na miaka hamsini.

Alhamisi, 8 Julai

Koti la pili. Dido ni dereva wa ghala, ana kibali cha kupita huku na mizigo. Ameuweka mfuko getini, akavuka barabara, akasimama upande wa pili na barakoa yake kama jambazi mwenye adabu. Amepiga kelele: "Babu, shikamoo!" Nikampigia kelele: "Marahaba, mwizi wa mke wangu!" Jirani akachungulia dirishani.

Limeagizwa mtandaoni. Wanaliita pafa. Jekundu, limejaa hewa na manyoya ya bata. Nimelivaa nikajitazama kwenye kioo. Godoro limesimama. Godoro lenye kichwa changu juu. Nilipokaa lilitoa pumzi, fuuuu, Riziki akanitazama kwa kunishuku.

Joto linalo, siwezi kudanganya. Lakini mtu hawezi kutoa baraka akiwa godoro. Nimekataa. Mfuko umebaki nyuma ya mlango maana Dido alikuwa amekwisha ondoka.

Furaha aliosha vyombo kwa nguvu.

Jumatatu, 19 Julai

La tatu. Dido ameleta jaketi la kazini kwao. Jipya, nene, ndani lina manyoya. Njano ya kuumiza macho, na mistari inayong'aa ukiimulika. Alisema kupitia simu, "Babu, hili hata kwenye friji kubwa ya nyama husikii baridi." Kijana mzuri. Hana akili ya mavazi, lakini mzuri.

Nililivaa kwenda kununua mkate, kulijaribu. Mungu wangu. Polisi walipita hawakuniuliza natoka wapi. Aliyevaa njano anaonekana ana kazi. Kwenye kona lori lilikuwa linataka kutoka kwenye kichochoro. Dereva aliponiona akasimama, akangoja nimwongoze. Ningefanya nini? Nikanyoosha mkono. Nikasimamisha magari. Nikamwita njoo, njoo, njoo, kata, kata, basi! Akanipigia honi ya shukrani. Tangu nifike Australia hakuna aliyenitii namna ile.

Nilirudi nyumbani nimesahau mkate.

Kisha nikalikataa. Sababu nilizotoa: rangi. Sababu yenyewe: nikisema ndiyo, Furaha anakwenda. Basi.

Jumanne, 3 Agosti

Gervais amepiga simu. Hana upole tena. Riziki aliiweka simu mezani kwa sauti kubwa, tukasikia wote.

"Mzee mwenzangu, mjukuu wako tumemwomba, hatukuja kufungua duka la nguo. La kwanza jembamba, la pili nene, la tatu linang'aa. Kama hutaki kumtoa, sema. Kijana wangu atatafuta kwingine."

Nikataka kumjibu kwa mzaha. Mzaha haukuja.

Furaha alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi. Akiwa na hasira Kiswahili kinamhama, anabaki na Kiingereza. Alisema, "Anbilivabo," akaingia chumbani. Najua maana yake. Maana yake ni kwamba babu amefanya upumbavu.

Jumamosi, 7 Agosti

Furaha haniongeleshi. Chai yangu anaiweka mezani kwa heshima. Heshima hiyo inaniua. Nimemwita mke wangu, akajibu, "Yes, Babu." Tu. Nadhani ndivyo anavyowajibu wale wazee wa kazini kwake.

Dido hapiti tena barabara yetu.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Nilitaka abaki kidogo, sikutaka aachwe. Msichana aliyeachwa kwa sababu ya kola ya koti, watu watamwimba kanisani mpaka azeeke.

Jumamosi, 14 Agosti

Riziki ameniketisha kama mtoto aliyeiba sukari. "Baba, unachagua koti au unachagua Furaha asiondoke?"

Nikasema, vyote viwili.

Akasema ana haki ya kunipiga lakini mila hairuhusu. Kisha akanimenyea chungwa. Riziki ni hivyo.

Kesho nampigia Gervais. Nitasema lile la njano linatosha. Nitakuwa babu pekee katika historia ya Fizi aliyetoa mke wake akiwa amevaa kama mfanyakazi wa barabara.

Jumapili, 15 Agosti

Nimepiga simu, ile ya kuonana sura. Gervais hajui kushika simu, kwanza niliona dari, kisha matundu ya pua. Na yeye alikuwa anatazama paji langu la uso, aliniambia baadaye. Tulisalimiana hivyo, pua kwa paji. Nikaanza hotuba yangu ya kujishusha. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na methali ndani.

Mtu wake mmoja akamshikia simu vizuri. Nikamwona mzima. Nikaacha hotuba katikati.

Nikamuuliza, umevaa nini?

Akajitazama. "Koti. Hapa St Marys baridi inang'ata, na nyumba hizi..."

Sufu. Kijivu. Zito, vifungo vikubwa kama visahani vya chai, kola pana, refu mpaka nje ya simu.

Nikapiga kelele: hilo ndilo kabuti!

"Hili?"

Hilo!

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

Nimesema tangu Juni!

Halafu akaanza kucheka yeye, tena kicheko cha tumboni, sikujua kama anacho. Alisema lile ni kuukuu, alipewa na watu wa kanisa alipofika nchini, hakuona kwamba ni kitu cha kupeleka ukweni. Nikamwambia mila haikutaja jipya. Mila ilisema litoke nyumbani kwa mwanaume.

Akalivua pale pale. Chini alikuwa na fulana. Akaanza kutetemeka mbele yangu. "Na mimi nivae nini?"

Nikamwambia nina godoro jekundu nyuma ya mlango.

Jumamosi, 21 Agosti

Leo nimevaa. Dido ameleta kabuti, pafa alikwisha kumchukulia baba yake juzi, akasimama ng'ambo na simu juu ili wa kwao waone. Upande wetu Riziki ameshika ya kwake. Huo ndio mkutano wetu wa mahari, simu mbili na barabara katikati.

Nimeingiza mikono. Mikono haikutokea upande wa pili. Nimefunga vifungo. Chini limefika kwenye vidole vya miguu na limebaki jingine la kufagia. Gervais ni nguzo ya umeme, mimi ni kisiki. Niligeuka nikalikanyaga, nikataka kuanguka, nikashikilia geti kana kwamba nilipanga.

Kola lakini. Kola imesimama.

Nikasema maneno ya baraka niliyofundishwa na babu yangu, yote, bila mzaha hata mmoja. Riziki akapiga vigelegele barabara nzima. Jirani naye akapiga makofi, sijui alidhani ni nini. Ndani ya simu akina St Marys wanaimba, na Gervais katikati yao, mwekundu, amevimba, ananipungia.

Furaha akanijia. Akasema, "Babu, umemezwa." Kwa Kiswahili. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa visa.

Jumamosi, 4 Septemba

Ndoa zimeruhusiwa tena, watu wachache. Mimi nimo, Riziki yumo. Jumamosi ijayo. Pastori ameahidi kufupisha. Pastori huahidi.

Baridi imekwisha. Nje watu wamevaa kaptula. Mimi nitavaa kabuti, nitoke jasho, mila ni mila. Muuza samaki ameniona nalo leo, amecheka mpaka akaweka kisu chini.

Ijumaa, 10 Septemba

Kesho anakwenda. Masanduku yako sebuleni.

Mchana Furaha amesema siwezi kwenda kanisani nikifagia sakafu. Amenisimamisha juu ya kigoda, karibu na dirisha penye mwanga, nimevaa kabuti. Akapiga magoti, pini mdomoni, akaanza kukunja upindo. Pini zikiwa mdomoni hawezi kusema. Jua liliingia. Nje ndege wale wenye kelele. Alizunguka polepole, mbele, kulia, nyuma, kushoto, kisha sindano na uzi. Alinigusa kifundo cha mguu: simama vizuri. Nikasimama vizuri.

Alipomaliza akakaa chini, akatazama kazi yake.

Nikamwambia upande wa kushoto umeshuka.

Haukuwa umeshuka.

Alinitazama muda. Kisha akachukua mkasi, akafumua, akaanza upya.