Noreen Analala Garini kwa Sababu ya Blanketi la Chini

Dada Opal mpendwa, naomba uniokoe kabla sijawa mgane ilhali mke wangu yu hai na anakula vizuri. Mimi ni sajenti mstaafu, tunaishi huku milimani Carolina Kaskazini, na tangu nistaafu raha yangu ni moja tu, kufunga bembea za kulalia mitini na kulala msituni, na mke wangu Noreen nimemnunulia kila kitu kama changu, bembea, turubai, na lile blanketi la manyoya ya bata linaloning'inizwa chini ya bembea kwa kamba za mpira ili mgongo usipigwe na upepo, na namfungia kwa mikono yangu mwenyewe, nalivuta mpaka linanyooka halina kunjo hata moja, lakini kila tukilala analalamika mgongo unaganda, nami nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba baridi iko kichwani mwake na askari wangu walilala kwenye theluji bila kunung'unika, basi akachukua mto akaenda kulala garini, safari iliyofuata nikakaza kamba zaidi na ikawa mbaya zaidi, asubuhi akala mkate wake wa mahindi bila kunitazama, akasema, "Harlan, majani yakianza kupukutika nakwenda kwa dada yangu Florida, na sirudi. Wewe baki na miti yako," na dada, hatanii, ameshapiga simu. Je, ninunue blanketi nene zaidi, au nimpeleke kwa daktari akapimwe damu?

Harlan

Sajenti Harlan,

Pole nyingi. Hizo ni za Noreen, zako zitasubiri.

Akapimwe damu! Mwanamke anaganda mgongo, na wewe dawa uliyoiona ni kumchoma sindano. Hongera pia kwa unadhifu. Umemtandikia mkeo kitanda cha kukaguliwa na jenerali. Bahati mbaya jenerali hakutokea, akalala Noreen.

Sikiliza, bwana. Manyoya yanatia joto yakiwa yamefura. Wewe umeyavuta kwa kamba kutoka chini, mwili wake umeyakandamiza kutoka juu, yamebaki bapa kama andazi lililokaliwa. Ukinunua nene zaidi, utalibana nalo vilevile.

Kesho, jua likiwa bado linawaka, funga bembea yake hapo uani. Mwambie alale mshazari kidogo, kama anavyolala kweli. Legeza kamba za blanketi, za kichwani na za miguuni. Sasa piga magoti, ndiyo, wewe, upitishe mkono kati ya bembea na blanketi. Ukikuta pengo, kaza kidogo, maana upepo nao unapenda kulala humo. Ukikuta manyoya yamebanwa, legeza. Liuguse mgongo wake tu, basi. Halafu ziba miisho yote miwili ya blanketi, isipitishe hewa.

Lakini kuna jambo limenikera kuliko kamba. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza baridi inamwingilia wapi. Sijapaona. Mabegani? Kiunoni? Aliyelala humo ni yeye, na wewe ukaenda kuwauliza askari! Muulize, na akijibu, sogeza kamba, usisogeze mdomo.

Kisha mwombe radhi kwamba hukumwamini. Iseme hiyo samahani ukiwa bado umepiga magoti, maana nakujua: ukishasimama tu, utaanza kutoa amri.

Opal