Rehema Ameomba Gambuti

Kibiti, Alhamisi. Kusi linavuma tangu alfajiri, kuna kibaridi, na mimi nina aibu.

Nitaeleza tangu mwanzo. Nimestaafu ualimu, lakini mazoea ya kueleza hayajastaafu.

Jumamosi hii mdogo wangu Rehema anatimiza miaka kumi na mitatu. Mimi nina sitini na mmoja. Tumechangia baba. Mama yake, ninayemwita Mama Mdogo ingawa nimemzidi umri, aliolewa na mzee wetu uzeeni, na sasa yeye na Rehema wanaishi wawili tu kijijini kwetu, deltani. Kule siku ya kuzaliwa haina sherehe. Ukimuuliza mtu alizaliwa lini, atakutajia mafuriko fulani au msimu fulani wa mavuno. Mambo ya zawadi niliyaanzisha mimi, kwa kuwa siku aliyozaliwa Rehema niliandika tarehe kwenye daftari langu. Kila mwaka namtumia kitu cha shule. Nimeshatuma kamusi, atlasi, na mwaka jana mkebe wa jometri.

Mwaka huu yuko darasa la saba, ana mtihani mbele yake. Juzi jioni nilimpigia nikamwambia achague mwenyewe.

"Gambuti, kaka."

Nikacheka, kisha nikakasirika. Nilimsomesha kwa simu mpaka sikio likapata moto: kwamba mtoto wa darasa la saba haombi viatu vya shambani, kwamba elimu hivi, kwamba elimu vile. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, kaka. Ahsante."

Nikaona nimemfundisha.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa dukani kwa Karim, hapa sokoni, nachagua saa ya mkononi ili Rehema ajue kugawa muda kwenye mtihani. Niliwaza mikanda isije ikawa mikubwa, nikapiga simu ya Mama Mdogo kuuliza. Akapokea Rehema. Nyuma yake makopo yalikuwa yakigongana, na kabla hata ya kuniamkia alipiga ukelele mrefu, usio wa kuniita mimi.

"Mbona hauko shule?"

Makopo yakagongana tena.

"Naamia ndege, kaka."

Kwa msomaji asiyejua: mpunga unapokomaa, ndege hushuka kwa maelfu. Basi mtu hukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, akivuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele toka jua linachomoza mpaka linazama. Huwezi kuondoka hata nusu saa.

"Tangu lini?"

"Tangu mpunga uanze kutia maziwa."

Hizo ni wiki.

"Na mama yako yuko wapi?"

"Mama yuko dungu la shamba lake. Mimi niko la kwako."

La kwangu.

Baba alipofariki tuligawana mirathi. Fungu langu nilimwachia Mama Mdogo, nikasema, "Liangalie tu." Kila mwaka gunia la mchele linanifikia hapa Kibiti, nami nawaita majirani waje waonje mchele wa kwetu, wasikie unavyonukia. Sikuwahi kuuliza ni nani anaukalia usiliwe na ndege.

Ni mimi niliyesimama kwenye vikao vya wazazi, msimu baada ya msimu, nikiwafokea wanaowaweka watoto madunguni. Niliwaita wasiojali. Niliandika neno "mtoro" kwa kalamu nyekundu mbele ya majina ya watoto, na sasa najiuliza ni wangapi walikuwa wakilinda wali wa mtu msomi aliyekaa mjini.

Mchana Mama Mdogo alinipigia.

"Mwalimu, usimkasirikie mtoto. Mimi ni mmoja, madungu mawili. Ningeacha la kwako liliwe, ungesema nini?"

Najua ningesema nini. Ningesema amelitelekeza shamba la marehemu. Naye alijua.

Lipo lingine, nalo ndilo zito zaidi. Mimi sijui kuamia. Nilipokuwa na umri wa Rehema, baba alinikataza kupanda dunguni siku za shule. Alipanda yeye, na jioni akirudi hana sauti, ananiuliza kwa kunong'ona nimesoma nini.

Jioni nilirudi kwa Karim.

"Umeamua, Mwalimu? Ile saa?"

"Saa naichukua. Nipe na gambuti."

"Za mtoto. Namba ngapi?"

"Tisa."

Akanitazama miguuni, akacheka mpaka akashika kaunta. "Mwalimu, unaenda kulima au kuvua kambare?"

"Kufukuza ndege."

"Kwa kalamu?"

Nilimwacha acheke. Nilistahili.

Kisha nikampigia Mama Mdogo. Nikamwambia naondoka na gari la alfajiri, nitakaa dunguni mpaka mpunga uvunwe.

"Na hayo magoti yako, utapanda?"

"Utanisukuma."

Hapo ndipo alipocheka, na kicheko chake kikanipunguzia aibu kidogo. Akaniuliza shamba nani atalishika kesho asubuhi, maana sitafika kabla ya adhuhuri.

"Hakuna," nikasema. "Mwambie Rehema avae sare. Ndege wakila, wale."

Sijui kama nitaweza kupiga kelele siku nzima. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kunyamazisha. Sijui pia nitamwambia nini Jumamosi nikimpa saa; labda nitampa tu, nisieleze chochote, kwa mara ya kwanza.

Kesho ni Ijumaa, siku ya shule.