Mwakani, Kipande Hiki ni cha Wapi?

Mwaka umetimia tangu utuache, mume wangu, na bado hatuelewi. Kila gari lilipokufia katikati ya mashindano ulishuka, ukalizunguka, ukalipiga tairi teke na kusema, "Mwakani." Ulisema hivyo mpaka mtaa mzima ukakubandika jina hilo. Sasa mwakani imefika, na wewe hupo.

Tulikuwa tumejiandaa kwa habari nyingine. Siku za mbio zako simu ikilia niliipokea roho mkononi. Ulipinduka kwenye kokoto, ukatoka unacheka. Uliingia mtaroni, ukarudi na tope mpaka masikioni, ukaomba chai. Halafu ukaja kufariki mchana kweupe, umekaa kitini, unasubiri chai ipoe. Miaka yote nilikwambia ajali haina kinga. Sikujua kwamba hutaingoja ajali. Wifi yangu mpaka leo anasema gari limemla kaka yake. Namwambia gari lilikuwa limelala nje, halina hata giaboksi. Tunabishana, tunalia, tunabishana tena.

Kwa riziki ulikuwa fundi wa friji, na fundi kweli. Hukupenda kusikia maziwa ya mtu yamechacha. Ulilipigia friji goti, ukaliwekea sikio, ukaliuliza kama unaongea na mgonjwa, "Sema, mama, wapi panauma?" Na gari nalo uliliuliza hivyo hivyo, ila lenyewe lilikuwa halisikii la mtu.

Kushinda hukuwahi. Mwaka ule ulipokuwa na magari mawili nyuma yako, tukaanza kushangilia, ulisimama kumvuta mwenzako aliyekwama mchangani. Ukamtoa. Akamaliza yeye, wewe gari likakufia njiani! Nilipokuuliza kama una akili timamu ukanijibu, "Sasa ningempita vipi, na alikuwa ananiangalia?" Na siku pekee uliyofika mwisho, watu walikuwa wameshatawanyika, mwenye bendera yuko ndani ya gari lake anakwenda nyumbani. Ulimgongea kioo, ukamshusha, akaipunga bendera kwa ajili yako peke yako. Ulifurahi kuliko aliyechukua kombe. Mimi nilisimama pale nisijue nione aibu au nipige vigelegele. Nikapiga.

Kaka yangu kinyozi, aliyekaa kando yako kukusomea njia, bado anasimulia siku mlipotumbukia mtaroni naye akifoka, "Shemeji, nilikwambia kulia!" Nawe, kichwa chini miguu juu, ukamjibu, "Nitalia tukifika nyumbani."

Ulipoondoka, giaboksi lilikuwa vipande vipande juu ya meza ya sebuleni, na namna ya kulirudisha ulikuwa nayo wewe kichwani. Sasa binti yetu ameamua kuliingiza gari kwenye mbio za Jumamosi hii. Yeye na mjomba wake wamelifunga, wakalifungua, wakalifunga tena. Kila wakimaliza kinabaki kipande kimoja, kidogo, kimepinda kama sikio. Ni cha giaboksi? Ni cha friji la mtu? Mjomba anaapa kilikuwepo tangu mwanzo. Binti anaapa hajawahi kukiona. Wifi anasema kitupwe. Mimi nimekitia kwenye mkoba wangu, sijui hata kwa nini.

Gari linawaka. Linakwenda mbele kwa gia zote. Rivasi ndiyo haiingii.

"Mama, kwenye mashindano nani anarudi nyuma?" akasema binti yetu.

"Baba yako," akajibu mjomba wake. "Baba yako alirudi nyuma kuliko alivyokwenda mbele. Mitaro yote ile, unadhani tulitoka kwa dua?"

Nikakataa. Nikasema mwanangu haendi na gari lisiloweza kurudi. Nilisema kwa ukali mpaka nikajishangaa, maana sijui nililikatalia gari, au nilikukatalia wewe, au nilitaka tu wewe uje uniambie vingine.

Jana jioni aliomba alijaribu tu, mbele ya macho yangu, kwenye uwanja wa mpira. Akazunguka vizuri, akakata kona, vumbi likapanda, na kwa kitambo nikaona bega lako pale dirishani. Nilishikwa na uchungu na furaha kwa pamoja, nikashindwa kuvitenganisha. Kisha akakosea kona ya mwisho, akaenda kusimama pua kwenye ukuta. Mbele ukuta, nyuma hakuna gia. Wa kwanza kusogea alikuwa wifi, huyo huyo anayelichukia gari. Alifunga kanga kiunoni, akashika boneti, akatugeukia: "Mnaangalia nini? Sukumeni!" Tukasukuma. Likarudi.

Kwa hiyo nimemruhusu. Sijui kama nimefanya sawa, na wa kumuuliza ndiye wewe. Jumamosi tutajigawa kwenye kona, na popote binti yako atakapokwama, rivasi yake ni sisi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako, dereva. Shemeji yako kinyozi, ambaye bado anachanganya mkono wa kulia na wa kushoto. Na dada yako, ambaye tangu jana mgongo unamuuma na hataki kuulizwa.

Hutatutoka moyoni daima.